Chupa Iliyoingia Hewa
Habari ya lusina, mbuzi wa Hawaii na vijidudu vya tumboni



Wengi wetu tunaofanya kazi mashambani na viwandani ni wafugaji pia. Nyuma ya nyumba za kambi utakuta mbuzi wawili watatu wamefungwa, na aliyejaliwa ana ng'ombe wa maziwa kijijini ambaye mama watoto anamkatia majani kila asubuhi. Ardhi imepungua na majani ya kukata yamekuwa taabu. Kwa hiyo bwana mifugo akipita, ushauri wake mara nyingi ni huo huo: pandeni lusina. Na kweli mti huo hauna makuu. Humea upesi, ukikatwa huchipua tena, na majani yake makavu yana protini kiasi cha sehemu moja ya tano mpaka robo ya uzito wake, jambo ambalo nyasi za kawaida haziwezi.

Lakini wako waliolisha mifugo yao lusina tupu wakaona mambo. Manyoya yanapukutika, mate yanachuruzika, mnyama anakonda huku ameshiba, na wengine wanavimba tezi la shingo kama mtu mwenye rovu. Basi huyu anasema lusina ni sumu, na jirani yake anasema ni neema, na kila mmoja anaapa kwa alichokiona kwa macho yake. Wataalamu nao walibishana hivyo hivyo kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya ubishi wao ilitokana na jambo ambalo mtu wa mbali angeliona dogo, yaani namna maji ya tumboni mwa mnyama yanavyotolewa, yanavyowekwa katika chupa, na yanavyofikishwa maabara. Ndiyo habari tunayotaka kuieleza katika ukurasa huu, maana ina maana kwa anayefuga na pia kwa anayeshika chupa yenyewe.

KIWANDA KISICHO NA DIRISHA

Kwanza yafaa ieleweke kwamba ng'ombe, mbuzi na kondoo hawana uwezo wa kumeng'enya nyasi wao wenyewe. Kazi hiyo inafanywa na vijidudu. Mnyama anayecheua ana tumbo la kwanza, lile kubwa ambalo wachinjaji hulipasua na kumwaga majani yaliyopondeka. Wataalamu huliita rumeni. Kwa ng'ombe mzima tumbo hilo huchukua zaidi ya lita 100, na joto lake ni kama digrii 39, usiku na mchana, mvua na jua. Katika mililita moja tu ya maji yake, ambayo ni matone kama ishirini, mna bakteria wapatao bilioni 10, na juu yao mna vijidudu vikubwa zaidi viitwavyo protozoa ambavyo huweza kufika milioni moja katika mililita hiyo hiyo.

Vijidudu hivyo vimegawana kazi. Baadhi huvunja nyuzi ngumu za majani, vingine hula sukari inayotokana na kazi ya vile vya kwanza, na vingine huchukua gesi iliyobaki na kuigeuza methani, ambayo ng'ombe huicheulia nje kwa mdomo. Mnyama hupata nguvu zake kutokana na tindikali zinazotengenezwa humo, kisha vijidudu vyenyewe vinaposukumwa kwenda matumbo ya mbele humeng'enywa na kuwa protini ya mwili wake. Kwa maneno mengine, anayelisha ng'ombe analisha kwanza vijidudu.

Sasa jambo kubwa ni hili: humo ndani hakuna hewa ya oksijeni, au ipo kidogo mno. Vijidudu vingi vya rumeni havikuumbwa kwa hewa hii tunayovuta sisi. Kwao hewa hii ni sumu. Vingine hufa vikiguswa nayo kwa muda mfupi tu.

KAMBARE WA MTONI

Kwamba tumboni mwa mnyama mna viumbe hai ilijulikana zamani. Mwaka 1843 Gruby na Delafond huko Ufaransa waliwaeleza protozoa wa tumbo hilo walioonekana kwa darubini. Lakini kuona kwa darubini si kujua kazi. Ili kujua kijidudu fulani kinafanya nini, ni lazima kikuzwe peke yake, kilishwe hiki na kile, kipimwe.

Hapo ndipo kwa miaka mingi mambo yaliharibika. Maji ya tumboni yalichukuliwa, yakamwagwa kwenye sahani ya maabara mezani, chakula kikawekwa, na baada ya siku mbili tatu kilichoota kikahesabiwa. Kilichoota kilikuwa kichache kuliko kilichoonekana kwa darubini, tena kilikuwa vijidudu vigumu vinavyovumilia hewa, ambavyo tumboni ni vichache na kazi yao ni ndogo. Ni sawa na mtu anayetaka kujua samaki wa mto fulani. Avue ndoo nzima, aiweke juani mpaka alasiri, kisha ahesabu wanaofurukuta. Atakuta kambare tu. Halafu aandike ripoti kwamba mto huu ni wa kambare.

Aliyebadili mambo alikuwa Mmarekani, Robert Hungate, aliyezaliwa mwaka 1906 na kufariki mwaka 2004. Alianza na mchwa. Alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford alichunguza viumbe vya tumboni mwa mchwa vinavyomwezesha kula mti, na kutoka hapo akaingia katika tumbo la ng'ombe, maana kazi ni ile ile ya kuvunja nyuzi za mmea pasipo hewa.

Njia yake, aliyoieleza kwa ukamilifu mwaka 1950, ni ya kifundi, na fundi yeyote wa mitambo ataipenda. Chakula cha vijidudu huchemshwa kwanza ili hewa itoke. Kisha hutiwa katika bomba la kioo huku mpira mwembamba ukipuliza humo hewa ya ukaa, na hiyo hewa ya ukaa yenyewe imepitishwa kwanza juu ya shaba nyekundu iliyopashwa moto, ili masalio yoyote ya oksijeni yanaswe na shaba. Sampuli huingizwa, kizibo cha mpira hukandamizwa wakati ule ule mpira wa gesi unapotolewa, na bomba huviringishwa katika maji baridi mpaka chakula kigande kama utando mwembamba kuta zote za ndani. Vijidudu huota juu ya utando huo, na mtu huvihesabu kwa kutazama kupitia kioo.

Na ili kujua kama hewa imeingia, hutiwa rangi iitwayo resazurini. Pasipo oksijeni rangi hiyo huwa haionekani. Hewa ikipenya, bomba hugeuka kuwa la waridi. Wapo mafundi wa maabara waliofanya kazi na bomba hizo maisha yao yote, nao watakuambia kwamba hiyo rangi haina upendeleo: haijali kama aliyeshika bomba ni profesa au ni kijana aliyeajiriwa jana. Hewa imeingia, imeingia.

Hungate alifahamu pia kwamba hata muda ni adui. Maji ya rumeni yakishatolewa, uchachu unaendelea chupani, lakini mnyama haleti majani mapya wala hafyonzi tindikali. Kwa hiyo kila dakika inayopita yale maji yanakuwa kitu kingine. Alipotaka kujua kasi ya kazi ya vijidudu, alipima mara kadhaa kwa kufuatana tangu sampuli ilipotoka, halafu akapiga hesabu kurudi nyuma mpaka dakika ile ya kwanza ilipokuwa bado tumboni. Njia hizo zilitumika hata hapa kwetu. Mwaka 1960 zilichapishwa kazi alizozifanya pamoja na G. D. Phillips, aliyekuwa mtafiti wa Muguga nchini Kenya, za kulinganisha uchachu wa tumboni kwa ng'ombe wa Kizungu na ng'ombe wa zebu, hawa wenye nundu ambao sote tumekua nao.

MBUZI WA HAWAII

Turudi kwenye lusina. Asili ya mti huo ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ndani ya majani yake, hasa machipukizi, mna kitu kiitwacho mimosini. Hicho ndicho kinachopukutisha manyoya. Mnyama anayecheua anapokula, vijidudu vyake vya kawaida huigeuza mimosini kuwa kitu kingine kinachoandikwa kwa kifupi DHP, na DHP ndiyo inayobana kazi ya tezi la shingo mpaka livimbe. Yaani vijidudu vinaondoa shari moja na kuleta nyingine.

Huko Australia, katika jimbo la Queensland, wafugaji walipanda lusina kwa maelfu ya hekta, na ng'ombe wao wakapata matatizo hayo. Mtafiti mmoja wa huko, Raymond Jones, aliona jambo la ajabu. Katika visiwa vya Hawaii lusina imejaa kila mahali, mbuzi wanaila mwaka mzima, na hawaumwi. Je, mti ni mwingine? Mti ni ule ule. Je, mbuzi ni wengine? Mwaka 1981 Jones aliuliza katika jarida la waganga wa mifugo la Australia kama siri haimo katika tumbo la mbuzi wale, na mwaka 1983 yeye na mwenzake Megarrity wakachapisha ulinganisho wa mbuzi wa Hawaii na wa Australia waliolishwa lusina. Wa Hawaii walikuwa wakiivunja DHP. Wa Australia walikuwa wakiitoa nzima.

Fikirini sasa kazi iliyobaki. Kuna kijidudu, au kundi la vijidudu, tumboni mwa mbuzi wa kisiwani, kati ya mabilioni ya vingine. Hakipendi hewa. Na zaidi ya hapo, kama ilivyokuja kugundulika, hakili sukari. Chakula cha kawaida cha maabara kina sukari, basi ukikimwagia chakula hicho vinashiba vingine vyote, vinazaana, vinakifunika, na chenyewe kinapotea. Mtu angeweza kuwa na kijidudu hicho katika chupa yake na kuandika kwa moyo safi kwamba hakipo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kuinama kulikuwa ni kukubali masharti ya kijidudu: bila hewa, joto la tumbo, na chakula anachokitaka mwenyewe, ambacho ni DHP na baadhi ya vijenzi vya protini.

Kazi ya kukitenga ilifanywa na Milton Allison na wenzake huko Ames, jimbo la Iowa nchini Marekani, kwa njia zilizotokana na zile za Hungate. Mwaka 1992 kilipewa jina rasmi, Synergistes jonesii, na hilo la pili ni kwa heshima ya Jones. Lakini wafugaji hawakungoja jina. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, vijidudu kutoka mbuzi wa Hawaii vilikwisha kuingizwa Australia chini ya masharti ya karantini, vikatiwa tumboni mwa wanyama wa huko, na wanyama hao wakaanza kuivunja DHP. Taarifa ya mafanikio hayo ilitoka mwaka 1986. Hata maji ya tumbo la mbuzi mmoja wa Indonesia yalijaribiwa kwa mbuzi wa Australia, nayo yakafanya kazi. Hiyo iliandikwa mwaka 1984.

Kwa mfugaji wa Queensland hiyo ilikuwa habari ya fedha. Kuanzia miaka ya 1990 serikali ya jimbo ilikuza mchanganyiko wa vijidudu hivyo katika pipa la maabara na kuwagawia wafugaji. Ng'ombe wachache katika kundi walinyweshwa, na wengine wakavipata malishoni kwa kula pamoja. Dawa yenyewe ilikuwa kitu hai, na ilipaswa kushughulikiwa kama kitu hai. Chupa ikiachwa wazi mezani wakati watu wanakunywa chai, unachomnywesha ng'ombe ni maji machafu tu.

MAYAI NA NAZI

Katika miaka ya karibuni njia imebadilika. Maabara nyingi hazihangaiki tena kukuza vijidudu vikiwa hai. Huchukua sampuli, huvipasua vijidudu vyote, hutoa vinasaba, yaani yale maandishi ya urithi yaliyomo katika kila kiumbe, na mashine huyasoma na kusema ni akina nani waliokuwamo. Mtu angedhani sasa shida ya hewa imekwisha, maana hata mfu husomeka. Shida moja imepungua, nyingine zimeingia kwa mlango mwingine.

Ya kwanza ni barafu. Sampuli ikichukuliwa kijijini na maabara iko mjini, inagandishwa. Vijidudu havina ngozi ya aina moja. Vingine vina ukuta mnene, vingine ukuta mwembamba. Barafu inapoganda na kuyeyuka huwapasua wenye ukuta mwembamba, na vinasaba vyao humwagika na kuharibika kabla ya kuhesabiwa. Chukulia lori limepakia mayai na nazi kutoka pwani. Barabara ni mbovu. Likifika bara, karani wa ghala anafungua turubai na kuhesabu vilivyo vizima: nazi, nazi, nazi, yai moja, nazi. Karani hajadanganya. Ila hesabu yake ni ya barabara, si ya mzigo uliopakiwa.

Mwaka 2013 wataalamu wa Aberdeen, Scotland, akina McKain na Wallace, waliandika matokeo ya jaribio la namna hiyo. Walihifadhi maji ya tumboni yakiwa yametiwa gliseroli, kile kimiminika kizito kitamu kinachozuia barafu kupasua chembe, na mengine yakagandishwa hivi hivi. Katika yale yasiyo na gliseroli, kundi kubwa la vijidudu liitwalo Bakteroidete lilionekana pungufu. Na si hilo tu, hata uwiano kati ya bakteria na wale watengenezaji wa methani ulibadilika. Mnyama hakubadilika, chakula chake hakikubadilika. Kilichobadilika ni kilichotiwa katika chupa kabla ya friji.

Ya pili ni namna ya kuvipasua. Wenye ukuta mnene hawapasuki kwa sabuni peke yake. Hutakiwa kutikiswa kwa nguvu pamoja na shanga ndogo ngumu mpaka wavunjike. Maabara inayotikisa kidogo itaona wachache wa aina hiyo, na inayotikisa sana itaona wengi. Mwaka huo huo wa 2013, Henderson na wenzake wa New Zealand walijaribu njia 15 za kutoa vinasaba kwa sampuli za ng'ombe na kondoo, na njia tofauti zikatoa picha tofauti ya tumbo lile lile.

Ya tatu ni mahali maji yalipochotwa. Wapo ng'ombe wa utafiti waliotobolewa ubavuni na kuwekewa kizibo, hivyo mtu hutia mkono mpaka kwenye majani yenyewe. Ng'ombe wa namna hiyo walitumiwa Marekani tangu miaka ya 1920. Lakini ng'ombe wa mkulima hawezi kutobolewa. Kwake hupitishwa mpira mdomoni, na mpira huo huchota zaidi maji ya juu pamoja na mate. Vijidudu vinavyong'ang'ania nyuzi za majani vinabaki chini. Kwa hiyo anayelinganisha ng'ombe wa chuo aliyetobolewa na ng'ombe wa kijijini aliyepitishiwa mpira, anaweza kutangaza tofauti ya ng'ombe kumbe ni tofauti ya vyombo.

Haya si mambo ya kuwachekesha maprofesa. Methani ya mifugo inahesabiwa siku hizi katika mikutano ya mataifa, na ng'ombe wetu wa kienyeji wanatajwa humo kwa hasara au kwa faida. Wale wa New Zealand walipotaka kulinganisha matumbo ya dunia nzima, walikusanya sampuli 742 kutoka aina 32 za wanyama katika nchi 35. Matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kwamba bakteria wakuu ni wale wale karibu kila mahali, na kinachowatofautisha wanyama zaidi ni chakula, kuliko aina ya mnyama. Jambo kama hilo haliwezi kusemwa kwa kuunganisha sampuli ambazo kila nchi imezishika kivyake.

LUSINA TENA, NA MKOJO

Mtu atauliza: basi kijidudu cha Hawaii kilimaliza kesi? Hapana, na hapa ndipo tunapoona kwamba kushika sampuli kunaweza kugeuza hata habari iliyokwisha kuaminiwa.

Namna rahisi ya kujua kama ng'ombe anavunja DHP ni kupima mkojo. Ukitiwa dawa ya chumvi ya chuma, mkojo wenye DHP hugeuka rangi. Uchunguzi wa Queensland uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta makundi mengi ya ng'ombe bado yana DHP katika mkojo, hata pale ambapo dawa ya vijidudu ilikwisha kunyweshwa. Wakati huo huo vipimo vya vinasaba, ambavyo ni vikali kuliko kukuza bombani, vikaanza kukikuta Synergistes jonesii katika wanyama wa nchi nyingi, lakini kwa idadi ndogo sana, hata mahali ambapo zamani kilidhaniwa hakipo. Na huko Indonesia wakaonekana ng'ombe wanaokula lusina kwa wingi, wana DHP nyingi inayotoka mwilini, na bado wananenepa.

Inawezekanaje? Jawabu lilikuwa katika kikombe cha mkojo. Ini la mnyama huweza kuifunga DHP kwa kuiunganisha na kitu kingine, ikawa haina madhara, ikatoka na mkojo. DHP iliyofungwa haionekani katika kipimo cha rangi mpaka mkojo uchemshwe kwanza na tindikali ili ifunguke. Aliyechemsha anaona nyingi, asiyechemsha anaona kidogo, na mnyama ni yule yule. Mwaka 2019 Shelton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland walitoa hoja kwamba huenda kinga kubwa ya mnyama aliyezoea lusina ni ini lake, wala si kijidudu peke yake. Wengine wanaendelea kukitetea kijidudu. Sisi tunaona kila upande una ushahidi wake, na kwamba wasingefika hapo kama kila mmoja asingeulizwa: sampuli yako uliifanyaje?

Kwa mwenye mbuzi nyuma ya nyumba, ubishi huo hauzuii kulisha. Ushauri wa kawaida ni kuanza kidogo kidogo kwa majuma kadhaa ili mwili na vijidudu vizoee, na lusina isizidi karibu theluthi moja ya chakula chote, iliyobaki iwe nyasi. Mbuzi mgeni aliyenunuliwa sehemu isiyo na lusina asitupiwe mzigo mzima siku ya kwanza. Punda, nguruwe, sungura na kuku hawana tumbo hilo la kwanza, basi kwao iwe kidogo sana.

Na kwa yule anayeitwa kusaidia, maana mara nyingi ndiye mmoja wetu. Watafiti wakija shambani au machinjioni, wanaomshika ng'ombe, wanaopitisha mpira na wanaobeba sanduku la barafu ni vibarua na wafanyakazi wa hapo. Mara nyingi huambiwa tu "jaza chupa." Ni haki yenu kuuliza chupa hii ni ya nini. Kama ni ya kukuza vijidudu hai, ijazwe mpaka mdomoni pasibaki nafasi ya hewa, ifungwe hapo hapo na iwe na joto la mwili, si barafu. Kama ni ya vinasaba, ipate baridi kali mara moja, au dawa ya kuhifadhi waliyoileta, na isiyeyuke njiani ikagandishwa tena. Maji ya kwanza yanayotoka kwenye mpira yana mate mengi, yamwagwe, yachukuliwe yanayofuata. Ng'ombe alikula lini, alikula nini, saa ngapi chupa ilijazwa: yaandikwe kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye unyevu. Umeme ukikatika usiku na friji ikalala bila baridi, mlinzi aseme asubuhi, na asionekane mkorofi kwa kusema. Machinjioni vaeni glovu, maana damu na maji ya mnyama huweza kuleta homa ya kutupa mimba na nyinginezo, na dai la glovu ni dai halali kama la buti.

Mtafiti mwema atayaandika hayo yote katika taarifa yake, pamoja na saa chupa ilipokaa juani kabla ya gari kufika.